Mdoli wa Pikachu, kifungo cha shati na safari ndefu ya uzi

SEHEMU YA 1: KIFUNGO



Wiki iliyopita niliweka hapa picha ya mdoli wa njano niliyemfuma kwa uzi. Masikio marefu yenye ncha nyeusi, mashavu mekundu, mkia kama radi. Watoto wenu walimtambua kabla yenu: Pikachu, yule wa kwenye gemu na katuni. Mmeomba muundo wake wengi sana, na nimesema nitawapa, tena bure. Lakini kuna jambo sikuliandika chini ya ile picha, na kama nesi siwezi kulala nalo.

Mdoli mliyemwona ni wa pili. Wa kwanza nilimfumua mwenyewe.

Ilikuwa hivi. Kijana wangu ana miaka minne. Mjomba wake alimwekea gemu kwenye simu, na mimi nikitoka zamu ya usiku nikiwa hoi, ile simu ilikuwa yaya wangu. Nalala masaa matatu, mtoto yuko kimya, kila mtu ana raha. Siku niliyoamua kumnyang'anya alilia mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Nikamwahidi: "Nitakutengenezea Pikachu wa kushika." Mnadani nilikosa mdoli wa aina hiyo, ila uzi wa njano ulikuwepo. Nikachukua spoku mbili za baiskeli, nikazisugua ncha kwenye jiwe kama alivyonifundisha bibi, nikafuma usiku nne. Macho nikaweka vifungo viwili vya shati kuukuu la baba yake. Akapendeza kweli!

Siku ya tatu nasonga ugali, nikasikia mtoto anakohoa. Halafu akanyamaza. Sisi manesi tunajua: mtoto anayekohoa kwa sauti bado anapitisha hewa, mtoto aliyenyamaza ghafla ndiye wa kukimbilia. Nikamwinamisha kichwa kikatazama chini, nikampiga kati ya mabega kwa kiganja. Moja, mbili, tatu. La nne, kifungo kikadondoka sakafuni.

Nikakaa chini nimempakata, ugali ukaungua. Mimi ninayewafundisha akina mama kliniki kuhusu vitu vidogo na watoto, nilikuwa nimemshonea mwanangu kitu cha kumkaba koo.

Nilipotulia nikajiuliza: nani alianza kuweka vifungo kwenye macho ya midoli? Na huyu Pikachu katoka wapi? Nikaanza kusoma. Nilichokipata ni kirefu, kwa hiyo nitakigawa sehemu saba. Muundo uko sehemu ya mwisho. Tafadhali usiruke, maana huko katikati ndiko utakapojua kwa nini nimeubadilisha.

SEHEMU YA 2: "UMEMFUMIA MTOTO PANYA?"

Bibi yangu alipomwona mdoli aliuliza swali moja tu: "Mjukuu wangu, ndiyo umemfumia mtoto panya?"

Mnaelewa. Mtu aliyelima uwele na mtama Ugogo maisha yake yote hana urafiki na panya. Panya ni yule anayeingia ghalani. Sikuwa na jibu, nikamwambia nitakuja kukwambia.

Basi, mwaka 1965 huko Japani alizaliwa mtu anaitwa Satoshi Tajiri. Alikulia Machida, pembezoni mwa Tokyo, wakati kule bado kuna mashamba ya mpunga, vidimbwi na miti. Alipenda kukamata wadudu kiasi kwamba watoto wenzake walimbatiza jina la daktari wa wadudu. Nyie mnaoona watoto wa huku wanavyokimbiza kumbikumbi mvua za kwanza zikinyesha, mnaijua hiyo furaha. Lakini mji ukapanuka, vidimbwi vikafukiwa, nyumba na barabara zikachukua nafasi. Tajiri alipokuwa mtu mzima akataka watoto wa mjini waonje ile raha ya kukamata viumbe, kuvitunza na kubadilishana na wenzao.

Ndipo tarehe 27 Februari 1996 gemu la Pokémon likatoka Japani, kwenye kile kimashine kidogo cha mkononi cha kampuni ya Nintendo kinachoitwa Game Boy. Lilikuwa na viumbe 151. Watoto wawili waliunganisha mashine zao kwa waya na kubadilishana viumbe, kama vile unavyompa mwenzako panzi na yeye akakupa mende.

Pikachu mwenyewe alichorwa na mwanamke, Atsuko Nishida. Na hapa ndipo nilipopata jibu la bibi. Mama huyo amewahi kueleza kwamba alipokuwa anamfikiria huyu mnyama, kichwani mwake alikuwa na kindi. Alipenda namna kindi anavyobeba chakula mashavuni, ndiyo maana Pikachu ana yale mashavu mekundu: ndimo anamotunza umeme wake. Jina la panya lilikuja baadaye, kwa uamuzi wa Tajiri.

Nikarudi kwa bibi nikamweleza. Akanyamaza, akapapasa shavu la mdoli kwa kidole gumba. "Kumbe anaweka akiba."

Bibi alisimuliwa na mama yake habari za Mtunya, ile njaa iliyoimaliza Ugogo kati ya 1917 na 1920. Vita Kuu ya Kwanza ilipita hapa. Majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalichukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo, halafu mvua zikagoma. Kwa familia zetu, neno akiba lina uzito wake.

"Basi mwache akae," bibi akasema. Pikachu akapata kibali cha kuishi ndani ya nyumba ya Mgogo.

SEHEMU YA 3: JIONI MOJA YA DESEMBA 1997

Leo naandika nikiwa nimevaa sare, maana habari hii inanihusu kikazi.

Gemu lilipopendwa, mwaka 1997 ikaanza katuni yake kwenye televisheni ya Japani. Tarehe 16 Desemba 1997, jioni, watoto wengi walikuwa wamekaa mbele ya televisheni. Katika kipande kimoja Pikachu anarusha umeme wake, kunatokea mlipuko, na skrini nzima ikawa inamulika nyekundu na bluu kwa kupokezana, takribani mara 12 kwa sekunde moja. Ilidumu sekunde chache tu.

Jioni ile watoto wapatao 685 walipelekwa hospitali. Wengine walipata degedege, wengine kizunguzungu, kichefuchefu, macho kuingia giza. Wengi wao walipona haraka na kurudi nyumbani. Katuni ikasimamishwa kwa takribani miezi minne, na Wajapani wakaweka miongozo kuhusu mwanga unaomulika kwenye vipindi vya watoto. Jambo la kuchekesha kidogo ni kwamba lawama zilimwangukia kiumbe mwingine aliyekuwemo kwenye kipindi kile, Porygon, ambaye hakupewa tena nafasi kwenye katuni. Aliyerusha umeme alikuwa Pikachu, na Pikachu akaendelea kupendwa. Mtoto kipenzi ndani ya nyumba, si mnamjua?

Nawaambia hivi kwa sababu kuna watu wachache ambao ubongo wao hauvumilii mwanga wa kumulika-mulika. Ukiona mtoto ameanguka na kutikisika mbele ya skrini, zima au mtoe kwenye ule mwanga, mlaze ubavu, legeza nguo shingoni, angalia saa, wala usimtie kijiko mdomoni. Ikizidi dakika tano, au ikiwa ndiyo mara ya kwanza, mlete hospitali. Mate yake hayaambukizi kifafa, hivyo mshike bila hofu.

Sasa turudi kwenye simu zetu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto asiyefikisha miaka miwili asikalishwe mbele ya skrini, na wa miaka miwili mpaka minne isizidi saa moja kwa siku, pungufu ni bora zaidi. Sababu kubwa ni muda: saa za skrini zinakula saa za kucheza, kuongea na kulala.

Simhukumu mama yeyote, mimi mwenyewe nimewaambia nilivyokuwa nafanya. Ila nilijifunza kitu siku ile kijana wangu alipolia. Ukimnyang'anya mtoto simu, mikono yake inabaki mitupu, nayo inatafuta kitu cha kushika. Hapo ndipo uzi unapoingia.

SEHEMU YA 4: SOKSI ZA MISRI

Nikiwa nafuma wakati wa mapumziko ya zamu, mwenzangu mmoja alinitania: "Dada, wewe na mambo yako ya kizungu."

Nami nilidhani hivyo. Bibi alifundishwa kufuma na mwalimu wa kike wa misheni, kwa hiyo kichwani mwangu kufuma kulishuka melini pamoja na wamisionari. Kumbe vitu vya zamani kabisa vilivyofumwa kwa sindano, ambavyo vipo mpaka leo kwenye makumbusho, vimetoka Afrika hii hii. Ni soksi za pamba kutoka Misri, za rangi ya bluu na nyeupe, za kati ya karne ya 11 na ya 14. Baadhi zina mapambo yanayofanana na maandishi ya Kiarabu. Mtu aliyezifuma alikuwa fundi aliyebobea, maana kisigino cha soksi si mchezo. Muulizeni aliyewahi kujaribu.

Kutoka nchi za Waarabu ufundi huo ulifika Hispania. Katika monasteri ya Las Huelgas, mji wa Burgos, kuna mito iliyofumwa kwa ustadi iliyokutwa kwenye makaburi ya familia ya kifalme. Mmoja ni wa mwana wa mfalme Fernando de la Cerda, aliyefariki mwaka 1275. Kutoka huko kufuma kukasambaa Ulaya nzima.

Halafu wakaja Wareno, na sisi tunawajua. Vasco da Gama alifika Mombasa na Malindi mwaka 1498, na mwaka 1593 wakaanza kujenga Ngome ya Yesu pale Mombasa. Walituachia maneno ambayo tunayatumia bila kufikiri: meza, leso, gereza. Hao hao Wareno mwaka 1543 walifika Japani, na kule nako wakaacha maneno. Mkate Wajapani wanauita "pan", kutoka Kireno. Na nguo za kufumwa waliziita "meriyasu", neno lililotokana na jina la soksi kwa Kireno na Kihispania. Ona sasa: leso tunayombebea mtoto hapa na soksi ya Mjapani ni maneno yaliyoshushwa na mabaharia wa taifa moja.

Wajapani wakaupokea uzi wakaufanya wao. Leo wana neno "amigurumi": "ami" ni kufuma, na sehemu ya pili imetoka kwenye neno lao la mdoli wa kujazwa. Ni vidoli vidogo vya uzi, kichwa kikubwa na mwili mdogo kama kichanga, mara nyingi vya kroshia, lakini sindano mbili pia zinafanya kazi. Viumbe wa kwenye gemu wanafaa sana kwa kazi hiyo kwa sababu waliumbwa kwa maumbo rahisi: duara, yai, pembetatu. Ilibidi iwe hivyo, kwani skrini za Game Boy zilikuwa ndogo mno kwa mambo mengi.

Baadaye hata watengeneza gemu wenyewe walirudi kwenye uzi. Mwaka 2015 Nintendo walitoa gemu zima, Yoshi's Woolly World, ambamo dunia na viumbe vyake ni vya uzi na vitambaa, na pamoja nalo wakauza mdoli wa Yoshi wa kufumwa. Gemu limetoka kwenye skrini likaja mkononi.

Kwa hiyo nilimjibu mwenzangu: hii sindano ilikuwepo Misri, ikapita Hispania, ikafika Japani, na sasa iko Mvumi kwenye spoku ya baiskeli. Akaniomba nimfumie mwanawe soksi.

SEHEMU YA 5: TEMBO, DUBU NA MACHO YAO

Tumeshapata uzi na kiumbe. Imebaki ile tumbo nene, yaani mdoli wa kujazwa, na yale macho yaliyonitoa roho.

Mwaka 1847, katika mji wa Giengen, Ujerumani, alizaliwa Margarete Steiff. Akiwa na mwaka mmoja na nusu alipata homa, na ilipoisha miguu yake haikufanya kazi tena, na mkono wa kulia ukawa na udhaifu na maumivu. Ilikuwa polio. Alikulia kwenye kiti cha magurudumu, akajifunza kushona kwa shida kubwa, akawa fundi. Mwaka 1880 alishona katembo kadogo ka kitambaa cha sufu, kwa ajili ya kuchomekea pini na sindano. Watoto wa karibu wakavichukua wakavifanya mdoli. Yeye hakuwakemea. Akaendelea kuvishona, na kazi hiyo ikazaa moja ya viwanda maarufu zaidi vya midoli duniani.

Ninapotembea nyumba kwa nyumba na kisanduku cha chanjo namkumbuka. Mwaka 2022, baada ya polio kugunduliwa Malawi, mtakumbuka tulivyopita kuwapa matone watoto wote chini ya miaka mitano, na wapo waliofunga milango. Kipaji cha Margarete kilimpatia riziki, lakini matone mawili yangempatia na miguu.

Novemba 1902, rais wa Marekani Theodore Roosevelt alikwenda kuwinda dubu Mississippi. Hakupata kitu. Wenyeji wake wakamkamata dubu mmoja, wakamfunga kwenye mti ili ampige risasi, naye akakataa kumpiga mnyama aliyefungwa. Mchoraji katuni Clifford Berryman akachora tukio hilo gazetini. Huko Brooklyn, Morris Michtom na mkewe Rose waliokuwa na duka dogo wakashona dubu wa kitambaa, wakamwita kwa jina la utani la rais: Teddy. Karibu wakati huo huo Richard, mtoto wa kaka yake Margarete, naye akabuni dubu Ujerumani. Dunia nzima ikataka dubu. (Roosevelt huyo huyo alishuka Mombasa Aprili 1909 akawinda Afrika Mashariki, na wanyama wetu hawakupata bahati ya dubu yule.)

Sasa macho. Dubu hao wa kwanza waliwekewa vifungo vya viatu! Siku zile viatu vya kizungu vilifungwa kwa vifungo vidogo vyeusi vya mviringo, vinang'aa, vinafanana kabisa na jicho la mnyama. Baadaye yakaja macho ya vioo yaliyochomekwa kwa waya, na hayo ni hatari zaidi. Vikitoka, mtoto ana kioo na waya mkononi.

Ilichukua miaka mingi. Mwaka 1948 huko Wales, Wendy Boston aliyekuwa akishona midoli pamoja na mumewe walileta macho yanayokazwa kwa skrubu kutoka ndani, ambayo mtoto hawezi kuyang'oa. Mwaka 1954 wakatoa dubu anayeweza kufuliwa mzima mzima bila kuharibika. Kwa nesi, hayo mawili yana thamani kuliko dubu wote wa rais: jicho lisilotoka na mdoli anayefulika.

Kwa hiyo jibu la swali langu nimelipata. Kifungo kwenye jicho la mdoli kina zaidi ya miaka 100. Kimerithiwa mkono kwa mkono, kikanifikia mimi jikoni kwangu, wakati mwanamke mwingine alishakirekebisha kabla mama yangu hajazaliwa. Habari tu ndiyo haikunifikia.

SEHEMU YA 6: KWETU

Msije mkadhani watoto wa hapa walikuwa wanangoja dubu wa Marekani.

Watoto wa Ugogo wanafinyanga ng'ombe wa udongo. Wavulana wanawapanga zizini, wana dume, mtamba na ndama, na wanawajua kwa majina. Sisi wasichana tulikuwa na gunzi la mhindi. Unalifunga kitambaa, unalibeba mgongoni, unalibembeleza. Nakumbuka la kwangu lilikuwa na nywele za mhindi bado mbichi, nikalia zilipokauka.

Pwani, Wazaramo wana mwana hiti, kidoli cha mti kisicho na mikono wala miguu, chenye kichwa kilichochongwa nywele kwa ustadi. Mwali aliyewekwa ndani alipewa akitunze: akioshe, akipake mafuta, akisuke. Kilikuwa kinamfundisha umama kabla ya umama. Leo vingine vimewekwa kwenye makumbusho ya Ulaya.

Uzi wenyewe ulitufikia kwa njia ya shule na hospitali. Wamisionari wa CMS walifika Mpwapwa miaka ya 1870, wakasambaa Ugogo. Mwaka 1927 ikaundwa Dayosisi ya Tanganyika ya Kati chini ya Askofu George Chambers, na walimu na manesi wengi wakaja kutoka Australia. Katika shule nyingi za misheni Afrika Mashariki, wasichana walipangiwa kushona, kutarizi na kufuma. Unaweza kulitazama hilo kwa jicho kali, kwamba mvulana alifundishwa ukarani na msichana akafundishwa soksi. Bibi analitazama hivyo, na analisema. Lakini anasema pia kwamba masweta aliyofuma yalisomesha watoto wake wawili. Mnaujua upepo wa Dodoma wa mwezi wa saba alfajiri, sweta lina soko.

Na kichanga naye anahitaji kofia. Mtoto mchanga anapoteza joto jingi kupitia kichwani, hasa njiti, ndiyo maana tunawaambia mje na kofia kwenye begi la kujifungulia. Kofia nyingi ninazowavisha zimefumwa na bibi wa mtoto. Kila nikiivisha naona ile soksi ya Misri.

Kuna waliokwenda mbali zaidi. Njoro, nchini Kenya, tangu mwaka 1998 kuna kikundi cha Kenana Knitters. Akina mama wa vijijini wanasokota sufu kwa mkono, wanaipaka rangi za mimea, wanafuma tembo, twiga na viboko wa kujazwa, na midoli hiyo inauzwa nje ya nchi. Ni tembo yule yule wa Margarete, safari hii amefumwa na mtu anayemjua tembo.

Kwa hiyo mama ukiniuliza kama ni sawa kumfumia mtoto wa Mvumi mnyama wa Kijapani, nitakujibu kwamba mtoto ameshampenda. Wewe mlete kwenye mikono yenu. Kisha mwaka ujao mfumie na ng'ombe.

SEHEMU YA 7: MUUNDO NILIOWAAHIDI

Mahitaji: madonge mawili ya uzi wa njano, vipande vya uzi mweusi, mwekundu, mweupe na wa kahawia. Spoku mbili za baiskeli au sindano nyembamba. Fuma kwa kukaza, ili kilichojazwa ndani kisichungulie.

Mwili na kichwa ni kipande kimoja: anzisha vitanzi 50, fuma kawaida mistari 100. Kunja, shona ubavu upate kama mfuko wa bomba. Kusanya chini kwa uzi, vuta, funga. Jaza. Kusanya juu, funga. Zungushia uzi chini kidogo ya katikati upate shingo. Kichwa kiwe kikubwa, ndiyo uzuri wake.

Masikio mawili: vitanzi 10, mistari 16 ya njano, kisha mweusi, ukipunguza kitanzi kimoja kila mstari mpaka vibaki viwili. Mikono na miguu: vitanzi 12, mistari 12, kunja, jaza, shona. Mkia ni vipande vitatu vilivyoshonwa kwa kupanda kama ngazi: cha kwanza cha kahawia, viwili vya njano, kila kimoja kipana kuliko kilichotangulia. Mgongoni tarizi mistari miwili ya kahawia.

Macho TARIZI kwa uzi mweusi, doa moja jeupe. Mashavu tarizi kwa uzi mwekundu. Hakuna kifungo, hakuna shanga, hakuna kengele, hakuna utepe mrefu shingoni.

Cha kujazia: pamba safi, au sufi ya mto kama una ndugu pwani, au vipande vya nguo iliyofuliwa. (Sufu ni ya kondoo, sufi ni ya mti wa msufi, msichanganye.) Usitumie maharage, mchele wala mtama. Mshono ukiachia, ni vile vile kama kifungo.

Kabla hujampa mtoto, vuta kila sikio na mguu kwa nguvu zako zote. Kikilegea, rudia mshono. Kwa wenye watoto chini ya miaka mitatu: chochote kinachopita kwenye kibomba cha katikati ya karatasi ya chooni kinaweza kumkaba. Mfue mdoli kila wiki, mwanike juani. Na mtoto ambaye hajatimiza mwaka asilale na mdoli wa aina yoyote, anaweza kumfunika pua. Yeye mdoli wake ni kifua chako.

Mtoto akipaliwa na hawezi kukohoa wala kulia: aliyezidi mwaka, mwinamishe, mpige mara 5 kati ya mabega. Kisipotoka, simama nyuma yake, minya tumbo juu ya kitovu kwa kuvuta ndani na juu mara 5, rudia kwa zamu. Aliye chini ya mwaka, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa chini, mara 5 mgongoni, kisha mgeuze, minya katikati ya kifua kwa vidole viwili mara 5. Usiingize kidole mdomoni kutafuta usichokiona. Mtu mwingine awe anatafuta usafiri wakati wewe unaendelea.

Mdoli wa pili nimemfuma kwa uzi ule ule wa yule wa kwanza. Uzi wa kufumuliwa una mawimbi kidogo, mkiangalia ile picha vizuri mtayaona tumboni. Kijana wangu hajali. Analala naye, anamlisha ugali, na juzi nimemkuta amembeba mgongoni kwa leso yangu. Simu anaiomba bado, sitawadanganya, ila anaomba mara chache.

Kile kifungo nimekirudisha kwenye shati la baba yake.

Mwenye swali aulize hapo chini, nikitoka zamu nitajibu. Na ukimfuma wako tuwekee picha, tumuone macho.